Gego la mwisho limeota: kijana ana miaka 14 au 19?

*"Habari za kazi, daktari. Ninaishi Morogoro na ninamlea mtoto wa marehemu kaka yangu. Kijana alizaliwa na kukulia Ngarenanyuki, Arumeru, na mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Hana cheti cha kuzaliwa, na kadi ya kliniki haijulikani iliko. Kaka aliwahi kuniambia alizaliwa wiki chache baada ya uchaguzi mkuu. Mimi nimeshika kuwa ni ule wa 2010, mjomba wake anasisitiza ni wa 2005. Yuko kidato cha pili, ni mrefu, na mpira anaujua. Mwezi uliopita alikwenda kwenye majaribio ya timu ya vijana. Mtu wa huduma ya kwanza akamfungua mdomo, akamulika kwa simu, akasema magego ya mwisho ya chini yameshatoka, tena meno yamekuwa ya kahawia kama ya mzee, kwa hiyo huyo ni miaka 18 kwenda juu. Wakamrudisha. Kijana amenyong'onyea, na mimi nimebaki na mashaka: ninalea mtoto au mtu mzima? Je, meno yanaweza kusema umri kweli? Nikimpeleka akapigwe eksirei, RITA wanaosajili vizazi watakubali majibu? Halafu siku hizi analalamika fizi ya nyuma inamuuma akitafuna."*

Salama dada yangu, na pole kwa kuondokewa na kaka. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kama yule mtu wa timu alisema kweli, kama meno yanaweza kuamua kati yako na mjomba, na kama majibu yatapokelewa ofisini. La kwanza nalijibu papo hapo: alichokiona hakitoshi kusema alichokisema. Hiyo haina maana kwamba kijana lazima awe na miaka 14. Ina maana kwamba mdomo ulimulikwa kwa simu na hukumu ikatolewa kabla ya ushahidi. La pili lina habari nzuri kuliko unavyodhani. La tatu litakuchosha miguu kidogo.

Kwanza tuhakikishe kama hilo alilolionyesha ni gego la mwisho kweli. Mkalishe kijana kwenye mwanga wa dirisha, avute shavu kwa mpini wa kijiko, nawe umulike. Anza katikati kabisa, pale meno mawili ya mbele ya chini yanapokutana, uhesabu kwenda nyuma upande mmoja. La kwanza na la pili ni meno ya kukatia, la tatu ni chonge, la nne na la tano ni magego madogo, la sita na la saba ni magego makubwa. La nane ndilo gego la mwisho, ambalo wengine huliita jino la akili. La sita huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, la saba karibu na 12. Asiyezoea akiona la saba limekaa kule nyuma peke yake hulidhania ndilo la mwisho, na hapo kijana wa kidato cha kwanza anageuzwa mtu mzima.

Hesabu hiyo ina mitego. Kama aliwahi kung'olewa gego la sita kwa sababu ya kuoza, jambo la kawaida sana kwa watoto wetu, yaliyo nyuma yake husogea mbele, na la nane likipata nafasi huweza kuota mapema kuliko ambavyo lingeota. Mtego mwingine ni ile habari ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, mtu humchokoa fizi na kumtoa vichipukizi vya chonge kwa madai kwamba ndivyo vinavyomuua. Vile vilikuwa meno yake ya utoto yakijiandaa kutoka, na mara nyingi chonge ya kudumu iliyo chini yake huumia au hupotea kabisa. Ukiona kijana hana chonge ya chini, au imetoka imepinda na ina mabaka, mwambie daktari atakayempima, kwa sababu zipo njia za kukadiria umri zinazoitegemea chonge hiyohiyo.

Kuhusu rangi ya kahawia, hapo nilitikisa kichwa. Ngarenanyuki! Maji yanayoshuka Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya Arumeru vina floraidi iliyo mara kadhaa ya kiwango hicho. Mtoto akinywa maji hayo wakati enameli inajengeka ndani ya taya, gamba hilo la nje la jino hutoka likiwa na vitundu vidogo vidogo, jeupe kama chokaa, kisha baada ya kuota linashika rangi na kumeguka. Kwa hiyo rangi ya meno ya kijana wako inaeleza alikunywa maji ya wapi alipokuwa mdogo. Mwaka wa kuzaliwa haumo humo. Na kwa kuwa enameli ya namna hiyo huchakaa haraka, kipimo chochote cha umri kinachoangalia kuchakaa kwa meno kitamzeesha.

Imani kwamba umri umeandikwa mdomoni wengi wetu tumeitoa mnadani. Mnunuzi humbana ng'ombe mdomo, akiona jozi ya kwanza ya meno makubwa ya mbele anajua mnyama amefika miaka 2 hivi, na mdomo ukijaa anajua amepita 4. Anayetafuta mbuzi wa kuchinja Idi hufanya vilevile. Kwa mnyama wa kununuliwa, kukosea nusu mwaka hakumwumizi mtu. Binadamu yeye huchukua takribani miongo miwili kumaliza kuota meno, na kosa linakua kadiri unavyokwenda nyuma ya taya. Gego la sita hushika ratiba vizuri. La saba linaridhisha. La nane halina adabu hata kidogo: kwa wengine hutoka wakiwa bado shuleni, kwa wengine wakiwa na watoto wao, kwa wengine hulala ndani ya mfupa maisha yote, na karibu mtu 1 kati ya 5 duniani hakujaliwa walau moja kati ya hayo manne. Ndilo jino ambalo watu wa mtaani huliamini zaidi wanapotafuta umri, na ndilo linalostahili kuaminiwa kidogo kuliko yote.

Vitabu tulivyosomea huandika kwamba gego la nane huota kati ya miaka 17 na 21. Tarakimu hizo zilikusanywa kwa watoto wa Marekani na Ulaya, na baadhi ya majedwali maarufu yanayoeleza ukuaji wa meno yalianzia Chicago katika miaka ya 1930, kwa kuchunguza mataya ya watoto wachache tu waliofariki. Afrika Mashariki hali ni tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 uliwalinganisha wanafunzi wa Kenya wenye asili ya Afrika na wenzao wenye asili ya Asia, ukakuta magego ya mwisho ya Waafrika yanatangulia kwa miaka 2 hadi 3. Watafiti waliolinganisha vijana weusi wa Afrika Kusini na Wajerumani nao waliona kwamba mizizi ya jino hilo hukomaa mapema zaidi kwa Waafrika, kwa mwaka mmoja hadi miwili. Kwa hiyo kijana wa Kitanzania wa miaka 14 na nusu mwenye magego ya mwisho yaliyochungulia ni mtu aliyewahi, lakini wenzake wapo. Yule wa timu alitumia, bila kujua, ratiba ya watoto wa nchi nyingine.

Hapa sasa ndipo kwenye kiini cha jambo lenyewe. Kuota na kukomaa ni vitu viwili. Jino hujengwa kuanzia juu kwenda chini: kwanza ncha za taji, kisha taji lote, kisha mzizi unarefuka taratibu ndani ya mfupa, na mwisho kabisa tundu lililoko kwenye ncha ya mzizi linafunga. Kutoboka kwa fizi ni tukio moja tu katika safari hiyo ndefu, na kawaida hutokea mzizi ukiwa umefika nusu au robo tatu. Tukio hilo husukumwa huku na huku na mambo mengi: nafasi iliyopo kwenye taya, meno ya utoto yaliyong'olewa mapema, usaha chini ya jino, lishe. Ujenzi wa mzizi wenyewe huyumbishwa kidogo sana na mambo hayo. Mtoto aliyedumaa kwa utapiamlo anaweza kuwa mfupi kuliko wenzake kwa kiasi cha kutisha, na bado mizizi ya meno yake ikawa nyuma kidogo tu. Ndiyo maana anayekadiria umri wa kijana kwa makini haangalii kilichotoka kwenye fizi. Anaangalia kilicho chini yake, na huko tochi haifiki.

Kwa kijana wa rika hili hupigwa eksirei ya taya zima, ile ambayo mtu anasimama, anauma kijiti cha plastiki, na mashine inamzunguka kichwa kwa sekunde chache. Haina sindano wala maumivu. Mionzi yake ni midogo, inalingana na ile ambayo kila mmoja wetu huipata kutoka ardhini na angani kwa siku chache tu. Kisha daktari anaikagua picha jino kwa jino. Njia inayotumika sana duniani ilitungwa mwaka 1973 na Arto Demirjian na wenzake huko Montreal. Huchukua meno 7 ya chini upande wa kushoto, kila moja likapewa hatua mojawapo kati ya 8, kuanzia vidoa vya kwanza vya taji hadi ncha ya mzizi kufunga. Hatua zinageuzwa kuwa alama, alama zinajumlishwa, na jedwali la wavulana au la wasichana linatoa umri. Wasichana wana jedwali lao kwa sababu meno yao mengi hutangulia ya wavulana.

Kasoro yake naitaja wazi: jedwali lilitengenezwa kwa watoto wa Kanada wenye asili ya Kifaransa, na likipelekwa kwingine mara nyingi huwaongezea watoto umri, wakati mwingine kwa miezi, wakati mwingine kwa mwaka na zaidi. Baadaye zikaja nyingine, mojawapo ya Wabelgiji mwaka 2001 na atlasi iliyotolewa London mwaka 2010, ambayo daktari analinganisha picha ya mgonjwa na michoro ya kila umri. Hata ukitumia iliyo bora, jibu la haki kwa kijana wa miaka 14 ni umri fulani pamoja na mwaka mmoja hadi miwili juu au chini yake. Mtu akikuandikia "miaka 14 na miezi 7" bila kuweka upana wa makosa, karatasi hiyo mrudishie.

Utaniuliza, kama kosa ni kubwa kiasi hicho, faida iko wapi? Faida iko kwenye swali lenu lenyewe. Hamgombanii kama kijana ana miaka 17 au 18. Mnagombania uchaguzi wa Oktoba 2010 na ule wa Desemba 2005. Kwa hesabu ya 2025, ulipoandika barua, hiyo ni tofauti ya 14 na 19, na miaka mitano ni pengo ambalo mizizi inaliona bila shida.

Fikiria picha imeshatoka. Ikionyesha ncha za mizizi ya gego la saba bado ziko wazi, hata kidogo, mjomba amekosea: kijana wa miaka 19 hawezi kutarajiwa kuwa na gego la saba ambalo halijafunga, maana kwa kawaida hufunga kati ya 14 na 16, na kwa watu wetu huwahi. Ikionyesha la saba limefunga na la nane nalo limefunga kabisa, mizizi mirefu na tundu la ncha halionekani tena, basi wewe ndiye unayepaswa kuanza kufikiri upya, kwa sababu kwa miaka 14 hilo ni jambo gumu kuamini. Lipo pia jibu la katikati: la saba limefunga, la nane bado mzizi wake uko nusu, umeachama kama faneli. Hapo nitakuwa mwangalifu. Picha ya namna hiyo inaukataa mwaka 2005 kwa nguvu kuliko inavyouthibitisha 2010, na huenda ukweli ukawa mwaka mwingine kabisa ambao hakuna kati yenu aliyeutaja. Marehemu alisema uchaguzi mkuu, lakini mtu anaweza kuuchanganya na uchaguzi wa serikali za mitaa.

Ingekuwa swali ni miaka 17 au 18, ningekushauri ubaki na hela yako. Kufikia umri huo meno 7 yote yameshamaliza kazi, na anayebaki shahidi ni lile gego lisilo na adabu. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 1993 kwamba mtu ambaye gego lake la nane limefunga kabisa ana uwezekano wa takribani asilimia 90 wa kuwa ametimiza 18. Inasikika vizuri mpaka ukumbuke kwamba tarakimu hiyo ni ya Wamarekani weupe, na kwamba hata miongoni mwao mmoja kati ya kumi angepachikwa utu uzima ambao hajaufikia. Jirani zetu Kenya wanaijua hatari hiyo, maana ripoti ya meno huingia mahakamani mara kwa mara. Sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2006 inatenga adhabu kwa umri wa aliyetendewa: miaka 11 na chini ni kifungo cha maisha, 12 hadi 15 si chini ya miaka 20 jela, 16 hadi 18 si chini ya 15. Daktari akiandika 16 mahali pa 15 amebadilisha hukumu. Ndiyo maana mimi sikubali kuandika tarakimu moja kavu, hata nikibembelezwa.

Kupima watoto wasio na karatasi kwa meno si wazo la jana. Mwaka 1833 Uingereza ilikataza watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa kwenye viwanda vya nguo, lakini watoto hawakuwa na vyeti, na mzazi mwenye njaa alikuwa tayari kuapa kwamba wa miaka 7 ametimiza 9. Waliokagua walitumia kimo. Mwaka 1837 daktari wa meno wa London, Edwin Saunders, alipeleka kwa wabunge matokeo ya kuchungulia midomo ya watoto zaidi ya 1,000, akionyesha kwamba meno yanaukaribia umri kuliko kimo. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, usajili wa vizazi wa serikali ukaanza nchini humo. Sisi nasi tulikuwa na kipimo chetu cha darasa la kwanza: pitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili umefika, usipogusa rudi mwakani. Wenye mikono mifupi wanajua walichelewa kwa kosa gani.

Kuhusu mpira, timu hiyo haikuwa na sababu ya kumfungua mtu mdomo. FIFA tangu 2009 hutumia MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, ya kifundo cha mkono kwenye mashindano ya chini ya miaka 17, na CAF wanatumia kipimo hichohicho. Mashine huangalia kama sehemu ya kukulia ya mfupa wa mkono karibu na kiganja imeshaungana kabisa, na haina mionzi. Wapenzi wa Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, watakumbuka kwamba safari ya Gabon 2017 kwenye mashindano ya Afrika ilipatikana baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa suala la umri wa mchezaji na kipimo hicho. Nacho kina mpaka wake: mfupa ukiwa umeungana, mchezaji anazuiwa, ukiwa haujaungana, hawajui ana miaka 13 au 16, wanajua tu kwamba hawana sababu ya kumzuia. Kijana akifika ngazi ya taifa atapimwa, na kama yupo wakala atakayekushauri mchague mwaka "unaofaa kwa mpira", mfungie mlango. Mwaka ukishaandikwa kwenye cheti, utamfuata kwenye mtihani wa kidato cha nne, kwenye pasipoti, hadi kwenye kustaafu.

Wengine watasoma hapa wakifikiria watu wazima, kwa hiyo niseme mawili. Baada ya mizizi kufunga, meno hayana tena kinachojengeka cha kupima. Kinachobaki ni kuchakaa, kusinyaa kwa uwazi wa ndani ya jino na mabadiliko ya mzizi. Gösta Gustafson wa Sweden aliyapanga mabadiliko hayo katika makundi 6 mwaka 1950, na kosa la makadirio ya namna hiyo linaweza kufika miaka 10. Zipo njia sahihi zaidi. Inayonivutia kuliko zote ni ya kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi: majaribio ya mabomu ya nyuklia angani kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi 1963 yaliongeza kaboni hiyo hewani, ikaingia kwenye mimea, chakula, na enameli iliyokuwa inajengeka wakati huo, na enameli haijifanyi upya. Watafiti wa Stockholm walionyesha mwaka 2005 kwamba kwa kuipima wanaweza kufika karibu na mwaka wa kuzaliwa kwa kosa la chini ya miaka 2. Lakini jino lazima ling'olewe na lisagwe. Hiyo ni kazi ya kutambua marehemu wasiojulikana. Kijana wako anayahitaji meno yake.

Sasa RITA. Kwa mtu aliyepita miaka 10 bila kusajiliwa, maombi yake huhesabiwa kuwa ya kuchelewa, na msajili hutaka nyaraka zinazoungana mkono: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kumbukumbu za shule ya msingi, barua ya mtendaji wa eneo. Ripoti ya meno inaweza kusindikiza nyaraka hizo pale zinapopingana. Peke yake haizai tarehe ya kuzaliwa. Hata mahakamani si mfalme. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kueleza kwamba umri unaweza kuthibitishwa na mhusika, mzazi, ndugu, daktari au cheti. Kwa hiyo anzia Ngarenanyuki kabla hujaanzia kwangu. Nenda kwenye kituo cha afya alikochanjwa uombe rejista, maana kadi hupotea nyumbani lakini kitabu cha kituo wakati mwingine bado kipo kabatini. Ulizia kanisani au msikitini. Pata rejista ya darasa la kwanza. Waulize waliozaa mwaka huo kijijini watoto wao wana umri gani.

Na tafuta picha. Kijana wa kidato cha pili mwaka 2025, kama hakurudia darasa, aliingia la kwanza mwaka 2017. Shule hupenda kupiga picha, na watoto hupenda kucheka. Ukimpata hapo ana pengo mbele, meno ya juu ya utoto yameng'oka na ya kudumu yanachungulia, basi siku hiyo alikuwa na kati ya miaka 6 na 8, na mwaka 2005 umekufa bila eksirei yoyote. Aliyezaliwa mwishoni mwa 2005 angekuwa na miaka 11 kwenye picha hiyo, meno yote ya mbele yamekamilika na hata chonge za kudumu zimeanza kushuka. Picha ya zamani yenye tarehe inanipa mengi kuliko mdomo wa leo, kwa sababu meno ya mbele katika umri ule hayana uhuru mkubwa wa kuwahi au kuchelewa.

Ukikosa hayo yote, au yakigongana, mpeleke hospitali ya rufaa yenye idara ya kinywa na meno. Omba eksirei ya taya zima na ripoti ya maandishi inayotaja njia iliyotumika, umri wa chini kabisa na wa juu kabisa unaowezekana. Mweleze kijana mwenyewe kinachofanyika na kwa nini, akubali kwa hiari; ameshafunguliwa mdomo mara moja kama mbuzi wa mnadani, inatosha. Mwambie daktari habari za Ngarenanyuki na meno yoyote yaliyowahi kung'olewa, lakini mwaka unaoutaka wewe usimtajie kabla hajaandika. Na kama jambo hili litafika polisi au mahakamani, kwa sababu yoyote ile, usiende peke yako: mtafute afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na ambaye umri wake una shaka hustahili kuchunguzwa kabla ya kushughulikiwa kama mtu mzima.

Maumivu ya fizi usiyasubirishe majibu ya umri. Gego linapotoka nusu, kipande cha fizi hubaki kimelifunika, chakula kinajificha chini yake na kuoza. Asukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi baada ya kila mlo, apige mswaki hadi kule nyuma hata kama panatoa damu kidogo, na amwone daktari wa meno ndani ya wiki hii. Akishindwa kufungua mdomo, uvimbe ukashuka chini ya taya au shingoni, akapata homa au kumeza kukawa kwa shida, hiyo ni safari ya siku hiyohiyo, hata usiku. Na daktari akiamua gego hilo ling'olewe, hakikisha eksirei ya taya zima imepigwa kwanza na nakala umebaki nayo.